Kabla hujarudi barabarani: faini kwanza, leseni ifuate, bima mwisho

Gari likishalala uani miezi kadhaa kwa sababu leseni ina matatizo, watu wengi hukimbilia bima kwanza. Ndiyo inayopatikana haraka: unampigia wakala, unatuma hela, ujumbe unaingia, unajiona umeshamaliza nusu ya kazi. Mimi ningeiweka bima mwisho kabisa. Karibu kila mkataba wa bima ya gari una kipengele kinachotaka anayeendesha awe na leseni hai ya daraja linalohusika, na asiwe amezuiwa kuendesha. Ukigonga mtu pale Mwenge huku leseni yako imefungiwa, bima kubwa uliyolipia haitatengeneza gari lako. Yule uliyemuumiza analindwa na Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, kwa hiyo kampuni inaweza kumlipa, kisha ikakugeukia wewe urudishe hela hiyo.

Basi anza na faini. Ingia kwenye mfumo wa Polisi wa makosa ya barabarani, tms.tpf.go.tz, uangalie kwa namba ya gari, halafu uangalie tena kwa namba ya leseni. Hapa wengi huishia nusu. Deni linaweza kusoma kwenye gari na wewe hukuwa kwenye usukani: shemeji aliliazima kwenda Kibaha, tochi ya kupima mwendo ikampiga picha kwenye eneo la 50, akarudisha gari na asante bila kutaja kitu. Namba ya gari iandike bila kuacha nafasi. Likitokea deni, usikimbilie kulipa kabla hujasoma kosa, tarehe na mahali. Namba huandikwa na binadamu, tena juani, na herufi moja ikikosewa, Vitz yako iliyokuwa imeegeshwa Tabata inaweza kudaiwa kwa kuzidisha abiria Mbagala. Ukiona jambo la namna hiyo, nenda ofisi ya trafiki ya eneo lililoandikwa ukiwa na kadi ya gari na chochote kinachoonyesha gari lilikuwa wapi siku hiyo. Ongea na afande kwa utulivu, na uende kabla hujalipa. Hela ikishaingia serikalini, kuidai irudi ni kazi nyingine kabisa.

Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja (bodaboda na bajaji zilishushiwa hadi 10,000 mwaka 2021). Una siku 7 za kulipa. Zikipita, inaongezeka asilimia 25, yaani 37,500. Makosa matano yaliyosahauliwa ni 187,500, na gari linalodaiwa hivyo linaweza kuzuiwa kituoni siku yoyote trafiki atakapoingiza namba yake kwenye kimashine. Lipa kwa kontroo namba tu, kwa simu au benki, na jina la mlipwaji likija kama la mtu binafsi, kata hapo hapo. Anayekuambia ana mtu wake ndani wa kufuta deni kwa nusu bei anauza hewa, na kesho deni litasoma vilevile. Ukishalipa, subiri kidogo kisha ufungue mfumo tena uone kama deni limeondoka. Piga picha ya skrini, na stakabadhi iweke kwenye gari.

Likija suala la leseni, jiulize kwanza imekwama kwa nani. Kama muda umekwisha tu, unaihuisha. TRA ndiyo inayotoa kadi ya leseni, Polisi ndio wanaothibitisha kwamba unafaa kuendesha, na ada ni 70,000 kwa miaka mitano. Andaa namba ya NIDA na TIN mapema. Majina yakitofautiana hata kwa herufi moja, rekebisha kabla hujapanga foleni. Kama iko mikononi mwa Polisi kwa sababu ya deni, risiti zako ndizo zitakazokusemea. Ila kama ulifikishwa mahakamani na hakimu akaamuru usiendeshe kwa kipindi fulani, kulipa faini hakupunguzi hata siku moja ya amri hiyo. Omba nakala ya hukumu, soma tarehe ya mwisho, na hadi ifike tafuta wa kukuendesha au panda mwendokasi. Kuendesha huku umezuiwa ni kosa jingine linalojitegemea.

Sasa bima. Ile ndogo kwa gari binafsi ni shilingi 100,000 kabla ya VAT, nayo ndiyo kiwango cha chini kabisa ambacho sheria inakutaka uwe nacho. Inawahusu wengine, gari lako haligusi. Kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kwa magari binafsi kiwango kilichozoeleka ni 3.5, kwa hiyo gari la milioni 15 linakwenda kwenye 525,000 kabla ya VAT. Usishushe thamani ili ulipe kidogo, kwa sababu siku ya madai kampuni itatumia thamani hiyo hiyo uliyoitaja. Uliza pia kiasi utakachochangia mwenyewe kila ukidai; wakala hakitaji mpaka aulizwe. Na ukiulizwa kama umewahi kufungiwa leseni, sema kweli, maana kuficha kunaipa kampuni sababu ya kukataa baadaye.

Hakikisha bima yenyewe ipo. Mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unakuruhusu kuhakiki kwa namba ya gari, nawe fanya hivyo ukiwa bado mbele ya wakala. Usipoona kitu, huna bima, hata kama karatasi ina muhuri na rangi nzuri. Mkopo wa bima usahau pia, kinga inaanza ada ikilipwa.

Wanaoendesha kwa Bolt, Uber na programu nyingine wana la ziada. Gari linalobeba abiria kwa malipo linatakiwa bima ya biashara, na dereva wake leseni ya daraja la kubeba abiria. Leseni ya daraja D, ile ya gari binafsi, pamoja na bima ya gari binafsi havimtoshi. Kama umempa kijana gari akuletee hesabu kila jioni, mwombe namba ya leseni yake uiangalie mwenyewe kwenye mfumo, na umwekee siku maalumu ya wiki ya kuangalia namba ya gari. Mkubaliane kabla hajachukua ufunguo, kwa maandishi, kwamba faini inayosoma siku alizokuwa nalo ni ya kwake, na inalipwa ndani ya siku zile 7.