Diski ya nje haisomeki: nakili kwanza, tengeneza baadaye

Umeme umekatika katikati ya kuhamisha video za harusi. Umerudi, unachomeka diski ya nje, na Windows inakutaka uifomati ndipo uitumie. Kataa. Mara nyingi kilichoharibika ni orodha inayoonyesha kila faili limekaa wapi. Video zenyewe bado zipo. Ukifomati, au ukiandika chochote juu yake, unaanza kuzifuta kwa mkono wako.

Tega sikio kabla ya kugusa kibodi. Ikigonga tik-tik-tik au kukwaruza, chomoa papo hapo. Huenda inakosa umeme wa kutosha, kwa hiyo ijaribu mara moja tu kwa waya mwingine. Mlio ukiendelea, kichwa cha kusomea kimekufa au kinagusa sahani inayobeba data, na kila dakika ya kuzunguka inachuna data. Usikubali ifunguliwe juu ya meza ya fundi: punje ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani.

Kama imetulia, anza na waya. Diski ndogo ya inchi 2.5 hula umeme wa USB pekee: tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900. Tumia waya mfupi, moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyio cha USB (hub). Asubuhi za baridi za Juni na Julai, sehemu za milimani Tanzania kama Makete, Njombe au Uyole, diski iliyolala kwenye gari ikiingizwa chumba chenye joto hutoa jasho. Iache ndani ya mfuko wake saa mbili tatu kabla ya kuiwasha. Mwinuko wenyewe usikutie hofu: diski nyingi huruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi, na Mbeya mjini ni kama 1,700.

Sasa bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc ufungue orodha ya diski. Ikionekana nzima lakini haina herufi (kama D au E), ipe herufi, kazi imekwisha. Ikiandikwa RAW, orodha ndiyo imeharibika. Ikionyesha ukubwa wa sifuri, huenda tatizo liko kwenye saketi au ndani ya diski yenyewe, programu haitakusaidia. Pima afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo: mistari 05, C5 na C6 ikiwa na thamani ghafi (Raw Values) zaidi ya sifuri, sekta, yaani vipande vidogo vinavyotunza data, zinakufa.

Hapo ndipo wengi hukimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha diski, na hapo ndipo mafaili hupotea. Chkdsk huandika juu ya diski hiyo hiyo mgonjwa na kukata kumbukumbu isizozielewa. Kwenye RAW hukataa kabisa. Chukua nakala nzima kwanza.

Washa kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Ubuntu, sakinisha gddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kisha kwenye dirisha la amri (Terminal) andika lsblk utambue diski kwa ukubwa wake. Diski ya kupokea iwe kubwa kuliko mgonjwa, na isiwe na mpangilio wa faili wa FAT32, maana haibebi faili linalozidi GB 4. Ukiwa ndani ya diski hiyo ya kupokea:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map

Hapa sdb ndiyo mgonjwa. Hakikisha mara mbili. Amri ya kwanza huokoa sehemu nzima, ya pili hurudia zilizogoma mara tatu. Lile faili la nakala.map, linaloandika kazi imefika wapi, ni muhimu kwetu kuliko yote: umeme ukikatika, kazi huendelea ilipoishia. Ukiliacha kwenye flashi ya Ubuntu litapotea kompyuta ikizimika. TB 1 nzima huchukua kama saa tatu kwa USB 3.0, nane au tisa kwa USB 2.0, yenye sekta mbovu inaweza kumaliza siku kadhaa.

Kisha fungua nakala kwa programu ya TestDisk, kwa amri testdisk nakala.img. Kwa diski yenye NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, ingia Advanced, halafu Boot. Mara nyingi sekta ya akiba, Backup BS, hurudisha orodha yote. Ikishindikana, programu mwenzake, PhotoRec, itatoa picha na video, ila bila majina wala folda, kwa hiyo tenga muda wa kuzipanga.

Ukishafungua mafaili kadhaa ukaona yanacheza, ndipo uifomati diski ya zamani. Yenye sekta zinazokufa usiirudishie kazi ya mteja.