Jinsi ya kuomba kitabu cha baharia ukitokea Lamu, na kulinda mshahara wako kabla ya kupanda meli

Kijana aliyekulia kwenye mashua za Lamu anaijua bahari, lakini meli ya mizigo haimwajiri kwa ujuzi huo peke yake. Hata leseni ya kuendesha boti za abiria kati ya Lamu na Mokowe haitoshi. Meli za nje hudai vyeti vinavyofuata mkataba wa kimataifa wa STCW, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, na hapa Kenya msimamizi wa vyeti hivyo ni Mamlaka ya Ubaharia, KMA, yenye makao makuu Mombasa. Mwongozo huu wa kupata kitabu cha baharia, daftari rasmi linaloandikwa muda wako melini, ni wa anayeanza chini kabisa. Nimeuandika kwa uchungu, maana vijana wetu wanaliwa pesa na watu wanaojiita mawakala.

Karatasi za nyumbani. Unahitaji kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi. Maombi ya pasipoti na tabia njema huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini alama za vidole lazima ukatoe mwenyewe. Kabla ya lolote, linganisha majina. Kwetu ni kawaida mtu kuandikwa Mohamed kwenye kitambulisho na Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa, na herufi hizo hukwamisha ombi. Rekebisha mapema. Panga miadi yako ya Mombasa ifuatane, kwani nauli ya boti na basi si ndogo.

Afya kabla ya ada ya chuo. Nenda kwa daktari anayetambuliwa na KMA. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi kusoma taa za meli usiku, kwa hiyo hapewi zamu ya sitaha, yaani ya kuangalia njia ya meli. Ni bora ujue hilo kabla familia haijauza kitu ili ukasome. Cheti cha afya hudumu miaka 2 kwa upeo, na mwaka 1 kwa aliye chini ya miaka 18.

Kozi ya usalama. Kila baharia hufunzwa kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wake pamoja na wajibu wake kwa wenzake. Huongezwa mafunzo ya ulinzi wa meli dhidi ya uhalifu. Bandari Maritime Academy ya Mombasa hufundisha haya. Ukienda chuo kingine, iulize KMA kwanza kama kozi hiyo imeidhinishwa.

Ombi la kitabu lenyewe. Peleka KMA fomu iliyojazwa, picha, nakala za pasipoti, kitambulisho, cheti cha afya na vyeti vya kozi, pamoja na karatasi halisi zikakaguliwe. Ada ilipwe kwa njia rasmi ya serikali na upewe risiti. Usimpe mtu pesa mkononi mlangoni.

Kitabu cha baharia ukishakipata kitunze sana, kwani ndicho kitakachokupandisha cheo. Kila ukishuka melini, hakikisha nahodha ameandika jina la meli, cheo chako, na tarehe ya kupanda na kushuka, akatia sahihi na muhuri. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza kuandika humo ubora wa kazi yako au mshahara wako.

Muda huo ndio ngazi. Baharia wa kawaida anahitaji miezi 6 baharini, au mafunzo maalumu na angalau miezi 2, ili apate cheti cha zamu ya sitaha. Kisha miezi 18, au 12 pamoja na mafunzo, ili awe baharia kamili. Juu yake yuko serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha. Anayetaka uofisa bila kupitia programu ya kadeti, yaani ofisa mwanafunzi, huhitaji miezi 36, na mitihani juu yake. Mwezi mmoja usioandikwa ni mwezi uliopotea.

Mshahara na wakala. Kiwango cha chini kinachotambuliwa na Shirika la Kazi Duniani kwa baharia kamili kilikuwa dola 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025. Hicho ni cha saa 48 kwa wiki. Kila saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na robo ya malipo ya saa ya kawaida. Wewe unayeanza utakuwa chini ya hapo, basi mtu akikuahidi maelfu ya dola kwa safari ya kwanza, mwondokee.

Wakala haruhusiwi kukutoza chochote kwa kukutafutia kazi. Katika kuajiriwa, baharia hujigharimia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti tu. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Uliza KMA kama wakala ana leseni. Omba mkataba uusome nyumbani kabla ya kutia sahihi, hiyo ni haki yako. Tazama cheo, mshahara wa msingi, saa za ziada, likizo ya siku 2.5 kwa kila mwezi, na nani atalipa nauli ya kukurudisha.

Chama. Katiba, kifungu cha 41, inakupa haki ya kujiunga na chama. Seafarers Union of Kenya kiko Mombasa. Jiunge kabla ya kusafiri. Kila meli kubwa ina namba ya IMO, yaani namba yake ya kudumu ya utambulisho. Kwa namba hiyo unaweza kutafuta kwenye tovuti ya ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wachukuzi, uone kama meli ina mkataba wa pamoja kati ya mwenye meli na vyama. Meli nyingi hupeperusha bendera za Panama au Liberia ilhali wenye meli wako kwingine, na hapo mkataba huo ndio kinga yako.

Mwachie mama au mke wako nakala ya mkataba, jina la meli, namba yake ya IMO na simu ya chama. Unaweza kuagiza sehemu ya mshahara itumwe kwao kila mwezi. Ikipita miezi 2 bila malipo, meli inahesabiwa kuwa imekutelekeza, na bima yake inapaswa kulipa hadi miezi 4 ya mishahara unayodai. Hao wa nyumbani ndio watakaopiga simu ikiwa wewe huwezi.