Daftari la "tunasikitika kukufahamisha"

Barua ya kwanza ya kukataliwa kazi niliisoma nimesimama. Ya 18 niliisoma nimejilaza kitandani, na sikuinuka hadi jioni. Nilikuwa natafuta kazi ya uhasibu, na karibu zote zilianza hivi: "Tunasikitika kukufahamisha." Kama umepokea yako leo, haya ndiyo yaliyonisaidia.

Leo usijibu wala usitume maombi mapya. Usiku mmoja niliwahi kutuma maombi sita kwa uchungu. Mawili yaliondoka na jina la kampuni nyingine. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha ulale.

Kesho yake chukua kalamu uandike yaliyo moyoni kwa dakika 20, bila kupamba. Mwaka 1994 mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu wataalamu walioachishwa kazi. Walioandika hisia zao kuhusu kuachishwa huko, dakika 20 kwa siku kwa siku tano, walipata kazi mapema kuliko wenzao, ingawa hawakuwa wametuma barua nyingi zaidi. Mimi naamini uchungu usiotolewa husikika kwenye usaili, hata ukitabasamu.

Sasa daftari. Hapa ndipo nilipopona. Kila "hapana" ipe mstari wake: tarehe, nafasi, na hatua ulipoishia, yaani karatasi, usaili wa kwanza au usaili wa mwisho. Nilipohesabu zile 18, barua 14 zilikuwa zimeishia kwenye karatasi. Watu 14 walikuwa hawajawahi kunisikia nikisema neno! Waliloliona ni wasifu wa kurasa nne, na kazi niliyoijua kuliko zote, kufunga hesabu za mwezi, ilikuwa imejificha ukurasa wa tatu. Niliupunguza ukawa kurasa mbili, nikaiweka kazi hiyo juu kabisa, nikaandika wazi kwamba nilifunga hesabu kwa siku 4 pale ambapo awali zilichukua 9. Katika maombi matano yaliyofuata, niliitwa kwenye usaili mara tatu.

Ukiishia usaili wa kwanza, tatizo mara nyingi ni majibu, si wasifu. Subiri siku mbili tatu, shukuru, halafu uliza swali moja tu: "Ni jambo gani moja ningelifanya vizuri zaidi?" Niliuliza saba, wakajibu wawili. Mmoja aliniambia nilieleza kanuni bila kutoa mfano hata mmoja wa kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Jibu hilo lilinichoma, na lilikuwa kweli.

Ukiishia usaili wa mwisho, usibomoe kitu. Mlikuwa wawili au watatu mnaoiweza kazi, na kiti kilikuwa kimoja.

Ili usichoke, jipimie kwa lililo mikononi mwako. Kuitwa si uamuzi wako. Kutuma ni uamuzi wako. Mimi nilijiwekea maombi mawili kwa wiki, kila moja likiandikwa upya kwa ajili ya nafasi hiyo, na Ijumaa alasiri nikafunga daftari hadi Jumatatu.

Na nafasi ikitangazwa tena pale walipokukataa, omba tena. Kampuni ninayofanyia kazi sasa imo kwenye daftari langu mara mbili.