Beji na Geti: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mkutano Mkubwa Mombasa

Ukikabidhiwa kazi ya beji na milango kwenye mkutano wa kimataifa, watu watakuambia ni kazi ya kuchapisha kadi na kuzitia kamba. Usiwasikilize. Unaamua nani apite wapi na saa ngapi, na unabeba lawama akipita asiyestahili au akizuiwa anayestahili. Nimeifanya kazi hii Mombasa kwa miaka kadhaa. Nimekosea, na walioumia kwa makosa yangu ni watu wengine. Soma haya kabla hujaagiza hata kamba moja.

Anza na ramani. Chora eneo zima, uligawe: ukumbi, vyumba vya wakuu, waandishi wa habari, jikoni, nyuma ya jukwaa, maegesho. Kila sehemu ipewe rangi yake. Zisizidi sita, maana soja aliyesimama juani tangu alfajiri hatakumbuka zaidi ya hapo.

Weka siku ya kufunga usajili, kisha uifunge kweli. Polisi wanahitaji muda wa kuyapitia majina. Wakubwa watakupigia usiku wa manane wakitaka jamaa zao waongezwe. Awepo mtu mmoja tu mwenye idhini ya kuongeza jina, na simu yake ishikwe saa zote.

Wapishi, wasafishaji, mafundi wa jenereta, wakalimani na wahudumu wa ambulensi nao wapewe beji. Hawa ndio husahaulika, halafu saa ya dharura ambulensi inasimama getini dereva akiulizwa yeye ni nani.

Stima itapotea. Orodha nzima iwe imechapishwa kwenye karatasi, nakala mbili kila geti. Printa ziwe mbili. Beji ya karatasi tupu usiitumie msimu wa kaskazi: ikifika adhuhuri imeloa jasho na jina halisomeki.

Sasa majina. Hapa tulia usome polepole.

Mwaka mmoja tulikuwa na mkutano katika hoteli ya ufuoni, upande wa kaskazini wa mji. Orodha yangu ilipangwa kwa jina peke yake. Fomu iliuliza “jina la kwanza” na “jina la ukoo”, kana kwamba watu wote duniani huitwa hivyo. Picha nilikuwa nimeziondoa kwenye beji mwenyewe, kwa sababu zilichelewesha printa. Kwenye orodha hiyo walikuwamo watu wawili wa jina moja. Nitawaita Said Ali wote wawili. Majina yao halisi siyatoi. Mmoja alikuwa mjumbe kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, mzee wa kanzu na kofia. Wa pili alikuwa kijana wa Kisauni, dereva wa basi la kuwachukua wajumbe uwanja wa ndege.

Kijana alifika kwanza, saa kumi na mbili asubuhi. Akataja jina, binti wa mezani akalitafuta, akalipata, akampa beji. Ilikuwa ya buluu, ya wajumbe. Ya madereva ilikuwa ya manjano, lakini hakuna aliyekuwa amemweleza dereva yeyote maana ya rangi. Akaivaa. Kila geti alilofika soja aliitazama rangi, akamwonyesha njia: karibu shekhe, pita huku. Akapita hadi akajikuta ameketi safu ya pili ukumbini, akingoja mtu wa kumwambia basi lake liko wapi.

Mzee alifika saa tatu. Kompyuta ikasema beji yake imeshachukuliwa. Binti wa mezani akafanya kama nilivyomfundisha mimi: iliyochukuliwa haitolewi tena. Mzee akajieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kingazija, ambacho kwa Kiswahili chetu unaokota nusu na nusu nyingine inakupita. Akaambiwa angoje. Alingoja nje ya hema, pasipo kivuli, akiwa ameweka mkoba wa karatasi zake juu ya kofia, hadi akakaa chini kwenye ukingo wa barabara. Niliitwa saa tano kasoro. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni, na kikao alichosafiri kuja kuzungumza kilikuwa kimekwisha.

Ndani, walipogundua beji iko kwa nani, askari wawili walimfuata yule kijana wakamwinua kwa mkono mbele za watu. Alihojiwa kwa muda wa saa mbili katika chumba kidogo karibu na jikoni. Hakuwa ameiba kitu. Alikuwa amevaa alichopewa na kwenda alikoonyeshwa. Waliomwajiri wakamwondoa kazini juma hilohilo.

Nilikwenda kwao Kisauni kuomba radhi. Mamake alinipokea mlangoni, akanikaribisha, akaniletea maji. Nilipomaliza maelezo yangu akaniuliza, “Kwa hivyo kosa la mwanangu lilikuwa lipi? Kuitwa jina la babake?”

Tangu siku hiyo orodha zangu hazipangwi kwa jina. Zinapangwa kwa nambari ya pasipoti au ya kitambulisho. Jina linafuata, kisha tarehe ya kuzaliwa, kisha picha, na picha lazima iwe kubwa kiasi cha soja kuiona bila kushika kadi. Nawe fanya hivyo hata kama printa inakwenda polepole, chapisha usiku.

Jina lenyewe liandikwe kwenye kisanduku kimoja, vile lilivyo kwenye pasipoti. Sisi huku tunaitwa jina letu, la baba, la babu. Ukilazimisha “ukoo”, mmoja ataandika la babu, mwingine la baba, na mtu mmoja atatokea mara mbili. Ile mistari miwili chini ya ukurasa wa picha, inayosomwa na mashine, ina nafasi 44 kila mmoja, na katika huo wa kwanza majina yana nafasi 39 tu. Marefu hukatwa. Tahajia nayo ni mtihani: Yusuf wa Mombasa ni Youssouf akitoka Moroni, na Muhammad ana maandishi zaidi ya vidole vya mkono mmoja. Ukitafuta kwa herufi hutampata. Tafuta kwa nambari.

Na kompyuta ikisema beji imechukuliwa, mhudumu asimfukuze mgeni. Amkalishe kivulini, ampe maji, aite msimamizi. Andika hilo kwenye karatasi, ulibandike mezani.

Joto si jambo la kupuuza. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipokimbiwa kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, Kenenisa Bekele, bingwa aliyezoea kushinda kila mwaka, aliacha mbio bila kumaliza. Ikiwa joto na unyevu wetu vilimshinda yeye, mjumbe wa miaka sabini ndani ya suti atasimama kwenye foleni yako dakika ngapi? Hema, viti na maji vitangulie mashine za kukagua.

Geti lisibadilishwe kiholela. Tarehe 24 Januari 2022, nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, kabla ya mechi ya Kamerun na Komoro, watu 8 walikufa na 38 wakaumia katika msongamano getini. Geti lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Kwa hivyo kila geti liwe na mtu mwenye ufunguo aliyesimama hapo hapo, si aliyekwenda kunywa chai. Tena ilinde milango ya watu wenye ulemavu na ya dharura: kwenye fainali ya soka ya Ulaya pale Wembley, London, tarehe 11 Julai 2021, wasio na tiketi walijipenyeza huko.

Ijumaa saa sita unusu nusu ya ukumbi itatoka kwenda kuswali, na wote watarudi pamoja. Ongeza mashine na watu saa hiyo, au tenga mahali pa kuswalia ndani ya eneo. Wanawake wenye nikabu wakaguliwe na mwanamke, faraghani, na kibanda kiwe tayari tangu siku ya kwanza. Wahudumu wanaokaa Likoni walale upande wa kisiwani siku za mkutano. Feri haikuulizi geti lako linafunguliwa saa ngapi.

Nakala za pasipoti ulizokusanya ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana wewe pia, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe una saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Mkutano ukiisha na huna sababu ya kisheria ya kuzihifadhi, zifute.

Mengine ni uangalifu wa kila siku. Beji ambazo hazijachukuliwa zihesabiwe kila jioni na kufungiwa. Iliyopotea izimwe kwenye mfumo kabla ya kutoa nyingine. Redio za mkononi zichajiwe usiku. Asipite mtu kwa kuwa anajulikana, wala kwa kuwa ana haraka, wala kwa kuwa amevaa vizuri. Madereva waelezwe rangi zote wao kwanza, kabla ya wajumbe hawajatua.