Laptopu haioni hotspoti ya simu yako? Anzia kwenye simu

Kama laptopu inaona waifai ya jirani lakini hotspoti ya simu yako haitokei kabisa kwenye orodha, usikimbilie kupiga Windows upya. Mara nyingi laptopu ni nzima. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha hotspoti kwa masafa ya 5 GHz, wakati laptopu nyingi za zamani, hasa za mtumba za bei nafuu, zina kadi ya waifai inayosoma 2.4 GHz tu. Hapo hata uzime na kuwasha mara ngapi, haitaiona.

Kwenye Android, fungua mipangilio ya hotspoti, tafuta palipoandikwa “Band” (simu nyingine huificha ndani ya “Advanced”), chagua 2.4 GHz, kisha zima hotspoti na uiwashe tena. Kwa iPhone 12 na za baada yake, washa “Maximize Compatibility” kwenye ukurasa wa Personal Hotspot. Kasi itapungua kiasi, ila masafa haya ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo simu inaweza kubaki sebuleni kwenye chaji nawe ukafanya kazi chumbani.

Ikiwa laptopu haioni waifai yoyote, hata ya jirani, hilo ni tatizo jingine. Angalia kwanza kitufe chenye alama ya ndege kwenye safu ya juu ya kibodi. Watoto hukibonyeza bila kujua, na waifai yote inazimika.