Kupiga hesabu ya omu na wati kwa kutumia jagi la umeme

V = I × R (volti ni ampia, yaani kiasi cha umeme unaopita, mara omu, yaani ukinzani wa kifaa kwa umeme huo) wengi tunaikumbuka toka shule ila ukipewa kifaa mkononi unabaki unakitazama tu, kwa hiyo leo tuachane na michoro ya betri na balbu, tuchukue jagi la kuchemshia maji. Mwaga maji, ligeuze, chini kuna kibandiko, langu limeandikwa 230V 2000W na hizo namba mbili zinatosha.

Anza na ampia: wati gawanya kwa volti, 2000 ÷ 230, unapata 8.7. Halafu ukinzani, 230 ÷ 8.7, inakuja omu 26.4. Hutaki kuzunguka? Zidisha volti kwa yenyewe, gawanya kwa wati, yani 52,900 ÷ 2000 = 26.45.

Kuhakikisha, chomoa plagi ukutani (narudia, CHOMOA), weka maltimita (kile kipimio cha umeme) kwenye omu, washa swichi ya jagi, gusa yale meno mawili ya plagi, sio lile refu la juu, hilo ni la ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Ikisoma karibu na 26 elementi, ile sehemu inayopasha maji, ni nzima. Ikiandika OL, yaani omu zimepita uwezo wa mita kusoma, basi kuna sehemu imekatika. Balbu ya waya ya zamani usiihukumu hivi, ya wati 60 kwa hesabu ni omu 882 lakini ikiwa baridi mita itasoma chini sana, ule waya ukinzani wake unapanda ukishawaka.

Sasa wengi wanapokosea: wanadhani jagi la wati 2000 ni wati 2000 siku zote. Hapana, kisichobadilika sana ni zile omu. Jioni umeme ukishuka mpaka volti 180, piga 180 × 180 ÷ 26.45, unapata wati 1225 tu, ndo maana maji yanachelewa kuchemka.

Tuje kwenye ekstensheni, hapa ndo patamu. Chukua ya mita 20, waya mwembamba wa 0.75 (milimita za mraba, ndo unene wake). Umeme unakwenda na kurudi kwa hiyo ni mita 40 za kopa, ukinzani wake omu 1 hivi. Hiyo 1 imekaa mfuatano na jagi, umeme ule ule unapita kote kuwili, kwa hiyo unajumlisha tu, 27.45, ampia zinakuwa 230 ÷ 27.45, yani 8.4. Joto la waya ni ampia mara ampia mara omu, 8.4 × 8.4 × 1, wati 70 zinaishia kwenye waya na hazichemshi chochote. Ukiwa umenyooshwa hewani unavumilia.

Chomeka na pasi ya wati 1000 hapo hapo. Pasi ina omu 52.9, na jagi na pasi vipo sambamba, kila kimoja kina njia yake ya umeme, kwa hiyo hujumlishi, unazidisha kisha unagawanya kwa jumla yao: 26.45 × 52.9 ÷ 79.35 = 17.6. Ongeza 1 ya waya, 18.6, ampia 12.4, na waya sasa unakula wati 153! Mzigo umeongezeka nusu tu ila joto limezidi mara mbili, kwa sababu ampia zinajizidisha zenyewe.

Mimi yangu niliiacha imeviringishwa chini ya kitanda, jagi na pasi vyote juu yake, nikaja kushtuliwa na harufu. Plastiki ilikuwa laini kama ubani uliotafunwa, mizunguko yote imegandana. Siku hizi hata kama natumia mita 2 naikunjua yote, na pasi inasubiri chai iive.