Mbio, Pupa, Papara: Jinsi ya Kutumia Vielezi vya Mchecheto

Chukua sentensi hii: “Juma alitoka ndani haraka sana.” Sarufi yake haina kosa, lakini msomaji hapati picha. Juma amechelewa basi? Ameona nyoka? Amesikia chakula kimepakuliwa? Kabla ya kuandika kielezi cha mchecheto, yaani neno linaloonyesha tendo limefanyika kwa haraka, hofu, pupa au nguvu kiasi gani, jiulize ni nini kinachomsukuma mtendaji: saa, woga, tamaa au bidii. Jibu ndilo litakalokuchagulia neno.

Akisukumwa na saa

Hapa kuna haraka, upesi, hima na chapuchapu, na watu huyachanganya kana kwamba ni neno moja. Haraka hubeba shinikizo la muda. Ndiyo maana twasema “nina haraka”, na hakuna asemaye “nina upesi”. Upesi hutazama tu kwamba jambo limekwisha kwa muda mfupi: “Khanga hizi hukauka upesi.” Ukiandika “hukauka haraka” utaeleweka, na wengi ndivyo wasemavyo, ila khanga haina pa kuwahi.

Kasi ni kipimo cha mwendo. Huenda vizuri na gari, mto, moto, maradhi na bei: “Bei ya mchele inapanda kwa kasi.” Hima ina sauti ya mwito, “Njooni hima!”, na hupendeza katika ushairi na hotuba, lakini ukiitia kinywani mwa dereva wa bodaboda, atasikika kama anahutubia. Chapuchapu ni kinyume chake. Ni neno la jikoni na la mtaani, zuri kwa amri na kazi ndogondogo (“Osha vyombo chapuchapu tuondoke”), lakini barua rasmi isemayo “tunaomba mtujibu chapuchapu” itachekesha.

Angalia pia matumizi ya “kwa”. “Haraka” na “kwa haraka” zote ni sawa, vivyo hivyo “kasi” na “kwa kasi”. Upesi hauhitaji “kwa”. Mbio nayo hujitegemea: “alikuja mbio”, si “alikuja kwa mbio”.

Akisukumwa na woga

Mbio ina vitenzi vyake: kupiga mbio, kutimua mbio, kutoka mbio, kwenda mbio, kukimbia mbio. Hicho cha mwisho baadhi ya wahariri hukikata wakidai ni kurudia neno. Wanakosea. “Kukimbia” peke yake huweza kumaanisha kukwepa au kutoroka bila hata mguu kuinuka: mtu hukimbia deni akiwa amekaa kitini. Neno “mbio” ndilo linalorudisha miguu kwenye sentensi.

Kwa anayeokoa roho, “alitoka mguu niponye” hutosha bila kuongeza “kwa hofu kubwa”. Hofu imo humo humo. “Alitoka nduki” ni ya mtaani, ina kicheko ndani yake, kwa hiyo usiitumie kwa watu wanaokimbia mafuriko. “Shoti” ni mwendo wa farasi, mbio za kuruka. Kuwa mwangalifu na kitenzi chake: aliyekwenda shoti alikimbia, aliyepigwa shoti alinaswa na umeme. Na “mchakamchaka” si wa woga hata kidogo. Ni mbio za mdundo, za pamoja, mara nyingi za kuimba, kama za wanafunzi asubuhi. Mwizi hakimbii mchakamchaka.

Pupa na papara

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Pupa hutoka kwenye tamaa: mtu anakula, anakunywa au anachukua kwa pupa kwa sababu anakitaka kitu mno. Papara ni mkono kutangulia akili. Linganisha: “Alisaini mkataba kwa pupa” na “Alisaini mkataba kwa papara.” Wa kwanza aliona fedha. Wa pili hakusoma masharti. Kiherehere ni kitu kingine tena, ni kujitia kimbelembele katika jambo ambalo hukuombwa, na karibu kila mara ni neno la kukaripia.

Mtego uliopo ni nomino zinazosikika kama vielezi kwa sababu zimejirudia au zina kelele: pilikapilika, hekaheka, patashika, mshikemshike, purukushani. Usiandike “walikimbia hekaheka.” Zipe kihusishi au kitenzi chake: “katika hekaheka za kuhama”, “ikazuka patashika.” Lakini shaghalabaghala na hobelahobela ni vielezi kamili: “Aliingiza nguo sandukuni shaghalabaghala.”

Akisukumwa na bidii

Kwa nguvu hufaa tendo la mara moja: kugonga, kusukuma, kupiga kelele. Kwa bidii huhitaji muda. Mtu husoma au hulima kwa bidii. “Alifunga mlango kwa bidii” humfanya msomaji amwone mtu akihangaika na mlango mchana kutwa. “Kufa na kupona” ni ya mapambano, na “kwa hali na mali” huandamana na kusaidia au kuchangia, maana inahusu mtu kujitoa yeye na alicho nacho. Timu haiwezi kushambulia lango kwa hali na mali.

Viigizi

Pu, chubwi, ndi: hivi, yaani tanakali za sauti, maneno yanayoiga mlio au hali ya tendo, vina nguvu kuliko vyote, lakini kila kimoja kimeoa kitenzi chake. Mtu huanguka pu, hutumbukia majini chubwi, hufunga mlango ndi. Viweke baada ya kitenzi, au baada ya mahali palipotajwa, bila “kwa” na bila “sana”. Havipendi ukanushi pia: “hakuanguka pu” hugota masikioni. Kimoja kwa aya kinatosha. Vikifika vitatu, aya inakuwa katuni.

Kurudia neno

Harakaharaka si lazima izidi haraka. Mara nyingi huongeza hali ya kulipua kazi: “alifagia harakaharaka” inadokeza kwamba chini ya kitanda hakukufikiwa. Ukitaka kuzidisha bila lawama, tumia “haraka sana” au “haraka mno”. Kurudia kitenzi ni hatari zaidi, kwani “alikimbiakimbia” ni kuzunguka huku na kule, wala si kuongeza mwendo. Kwa vielezi hivi, andika neno moja, harakaharaka, na usibadili katikati ya makala.

Mahali pa kielezi, na pa kukiacha

Kielezi kikae karibu na kitenzi chake. “Alimwambia haraka mtoto ale” na “Alimwambia mtoto ale haraka” ni habari mbili. Matendo yakiwa mawili, kila moja lipate chake: “Alifunga begi harakaharaka, akatoka mbio.” Kukitanguliza, “Mbio akatoka”, ni mtindo wa masimulizi. Usiupeleke kwenye ripoti.

Kisha kagua kitenzi chenyewe. Kiswahili kina vitenzi vilivyokwisha kubeba mchecheto wote. “Alikula kwa pupa sana” ni alifakamia. “Aliamka ghafla kwa hofu” ni alikurupuka. “Alitupa kwa nguvu” ni alivurumisha. “Alitoka kwa kasi” huenda ni alichomoka. Kitenzi cha namna hiyo kikipatikana, futa kielezi. Kurudi kwa Juma wetu: kama alichoona ni nyoka, “Juma alichomoka ndani” inatosha, na ile “haraka sana” haidaiwi tena.